Bakuli Lililokwenda na Mama

Maili Moja,
Kibaha.
13 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Tatu,

Assalaam alaikum, na shikamoo yako ya heshima. Kabla ya yote naulizia goti lako la kulia. Linakuacha usali umesimama, au bado unakalia kile kiti cha plastiki? Na kikohozi cha Baba Zubeir kimepungua, au bado anakitibu kwa tangawizi na ubishi? Ujiji nasikia upepo wa ziwani mwezi huu ni mkali. Jifunike miguu, tafadhali.

Sisi huku tu wazima. Baba anakula, anatembea, na kila asubuhi anabishana na redio, kwa hiyo ujue ni mzima kweli. Mimi nimekonda kidogo lakini usihuzunike. Ni furaha ndiyo iliyonikondesha, na utaniamini ukifika mwisho wa barua hii.

Ningeweza kukupigia simu. Baba ndiye aliyenizuia. Amesema habari ya kaburi haisemwi kwenye simu inayokatikakatika, huku wewe unapiga kelele "sikusikii, sikusikii". Basi nimekaa mezani tangu nilipomaliza kufua, naandika kama mtu anayefukuzwa.

Kwanza nikuombe radhi. Lile kaburi la Kurui nililokutumia picha mwezi wa tano si la bibi yako.

Najua utakavyoipokea habari hii. Nilikuandikia kwa uhakika wote kwamba nimempata Bibi Tatu binti Maneno, mama yake Babu Seifu, somo yako ambaye umebeba jina lake tangu siku ya saba ya kuzaliwa kwako. Nilimkuta Mzee Mwinyimadi mumewe amelala chini ya mkorosho, na kulia kwake kuna kaburi la mwanamke. Nikajiambia, mke atakuwa wapi kama si hapo? Nikafyeka. Nikapanga mawe upya. Nikasoma Yasini nzima. Nawe huko ukasomesha hitima, ukapika na pilau.

Wiki tatu zilizopita nilirudi Kurui kumwona Mzee Salumu, anayetunza daftari la msikiti. Safari zote za nyuma nilimkosa, mara yuko shamba, mara yuko Kisarawe mjini kwa matibabu. Nilimweleza kwa fahari kaburi nililolisafisha. Akanitazama kwa huruma, akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Mjukuu wangu, umemlilia mke mdogo."

"Babu, kwani Mzee Mwinyimadi alikuwa na mke mdogo?"

"Sasa wewe ulidhani alikuwa padri?"

Shangazi, nilikaa chini palepale kibarazani. Huyo mke mdogo aliitwa Mwanaidi. Nilipomwambia Baba, alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Bibi yako huko aliko amejifunga kibwebwe anakungoja. Mke mwenzie umemsomea Yasini nzima, yeye hata Fatiha hujamtupia!" Na tangu siku hiyo kila nikimpelekea chai ananiuliza kama nina hakika ni ya kwake au ni ya jirani.

Lakini usijutie pilau yako. Mzee Salumu anasema Mwanaidi ndiye aliyemwogesha na kumlisha Babu Seifu kwa miaka mitatu, mama yake alipofariki, kabla yeye mwenyewe hajafa akijifungua. Hakuacha mtoto, wala hakuna aliyewahi kumsomea chochote. Dua haikupotea. Ilifika kwa mtu tuliyekuwa na deni naye bila kujua.

Sasa daftari. Limefungwa kwa kitambaa cha kanzu, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wino wake umekuwa wa rangi ya chai. Mzee Salumu macho yamechoka, akanisogezea mimi. Nilisoma kwa kufuatisha kidole kama tulivyofundishwa madrasa, herufi moja moja. Ukurasa baada ya ukurasa, majina ya watu waliosomewa arobaini. Halafu, mwaka 1371 wa Hijria, yapata 1952, mstari huu nimeunakili kama ulivyo:

"Arobaini ya Tatu binti Maneno, mke wa Mwinyimadi. Amefia kwao, Gwata."

Nilirudia neno "kwao" mara tatu. Mzee Salumu akaniuliza ninashangaa nini. Mwanamke wa zamani akiugua sana, ndugu zake walikuja na kitanda wakamchukua wakamuuguze wenyewe, na akifa wanamzika kwa mama zake. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama mvua. Mimi miaka miwili nimepekua stakabadhi za kodi za zamani na vitabu vya mahakama, nikimtafuta bibi yetu kama ninavyotafuta faili kazini, chini ya jina la mume. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu, Shangazi. Nina cheti chenye mhuri. Sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kwamba yeye kwao ni wapi.

Niliona aibu, na katikati ya aibu hiyo nikakumbuka jambo lililonifanya nisahau hata kuaga vizuri.

Mwezi wa nne ilipita mezani kwangu orodha ya makaburi ya Gwata. Kuna barabara mpya inachongwa kuelekea upande wa Kwala, na makaburi ishirini na mawili yamo katika njia yake, kwa hiyo yatahamishwa. Orodha ile niliipokea mimi, nikaigonga mhuri mimi, nikaiweka kwenye jalada mimi. Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Nikaivuta. Ishirini na moja yana majina ya marehemu na ya ndugu. Namba kumi na nne pameandikwa: "Halina mwenyewe."

Nilipiga kelele. Elinipa, tunayekaa naye masjala, alipanda juu ya kiti. "Nyoka?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana, bibi yangu!" Akasema kwao Same bibi hawakai kwenye makabati. Lakini alinishikia kazi yangu siku tatu, Mungu ambariki.

Kusema kweli sikuwa na ushahidi wowote bado. Kaburi lisilo na jina ni kaburi tu. Lakini maneno yale mawili yaliniingia. Nilifikiri, nimeyasoma mwezi wa nne na hayakunigusa. Nimegonga mhuri pembeni yake nikaenda kunywa chai.

Gwata walinielekeza kwamba ukoo wa Maneno umetawanyika, amebaki mzee mmoja tu, Bi Siwema, naye siku hizi anaishi Kwala kwa mwanawe, karibu na bandari kavu. Wakati makaburi yanahesabiwa hakuna aliyemwambia. Nilimkuta anachambua mchicha, malori yanapita nyuma ya nyumba na yeye hayatazami. Nikapiga goti, nikamwamkia, akaitikia. Akauliza mimi ni wa nani. Nikaanza: Hamisa wa Bilali wa Seifu wa Mwinyimadi.

"Hao wanaume wote nimewasikia," akasema. "Mwanamke je?"

Nikasema, "Wa Tatu binti Maneno."

Aliacha mchicha. Tatu ni dada wa baba yake. Shangazi yake, kama wewe ulivyo shangazi yangu! Walipomleta na kitanda kutoka Kurui, yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, na kazi yake ilikuwa kumfukuzia nzi kwa kitambaa. Nikamuuliza kwa nini hawakumwacha kwa mumewe. Akanijibu kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Mume tulimwazimisha. Hatukumpa."

Sasa Shangazi, shika kitu, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Unakumbuka msemo wa nyumbani kwetu, kitu kikipotea kisionekane? Ufunguo, kijiko, soksi ya pili. "Limekwenda na mama." Nimekua nikiusema bila kuuwaza. Wewe ndiye uliyenieleza, Ramadhani ya mwaka juzi, kwamba ulitoka kwa Babu Seifu: utotoni alilia siku nyingi akidai bakuli la mama yake, na kila aliyeulizwa akamjibu hivyohivyo, limekwenda na mama. Tulidhani ni maneno ya kumnyamazisha mtoto.

Sikumwambia Bi Siwema habari hiyo. Naapa sikumwambia, nilitaka aseme mwenyewe. Nilimuuliza tu kama kaburi lilikuwa na alama. Akasema liliwekwa bakuli kichwani. Bakuli lake la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, alilokuja nalo na akakataa kula katika chombo kingine. Baba yake Bi Siwema alilitoboa kitako kwa ncha ya kisu ili lisimfae mtu mwingine, akalifudikiza, akalikandamiza udongoni.

Alhamisi tulikwenda: mimi, Bi Siwema, na Bwana Melkiori, afisa ardhi wetu, mtu mpole aliyekubali kutuchukua na gari ya ofisi. Kichaka kimefyekwa, kila kaburi lina kigingi chenye rangi nyekundu. Bi Siwema alishuka na fimbo yake, akapita kaburi la kwanza, la pili, akiwaamkia kwa majina kama watu waliokaa barazani. Kwenye namba kumi na nne alisimama. Akaniambia nifukue kichwani, taratibu, kwa mkono.

Shibiri moja tu. Kucha zangu ziligonga bati.

Limeliwa na kutu, nusu yake ni kama jani kavu. Lakini ukingo wa buluu upo, umebaki kipande cha urefu wa kidole. Na tundu lipo. Niliingiza ncha ya kidole changu cha mwisho, nikahisi makali yake. Bwana Melkiori alivua kofia. Mimi nililia kwa sauti, Shangazi, mimi ambaye hata msibani hulia kwa ndani, mpaka Bi Siwema akanigonga na fimbo mguuni: "Basi, basi! Amekufa zamani huyu, utamwamsha." Kisha naye akageuka upande.

Nilipomsimulia Baba jioni hiyo hakutania. Aliuliza tu ukingo ulikuwa wa rangi gani, nikamwambia, akaenda kuzima redio.

Tumelirudishia udongo. Nimekuwekea picha mbili, nimezisafisha studio ili uzishike mkononi. Ya kwanza ni bakuli, ya pili ni Bi Siwema, uone hilo paji la uso. Ni lako kabisa.

Sasa jambo linalokuhusu wewe peke yako. Fomu inataka mtoto au mjukuu wa marehemu atie sahihi na aseme ahamishiwe wapi. Mwisho ni tarehe 31 mwezi huu. Baada ya hapo, kaburi lililobaki bila mwenyewe litafunguliwa na vibarua, na mifupa yake kuzikwa mahali pengine bila jina, safari hii kwa namba tu. Wajukuu waliobaki ni wawili, Baba na wewe. Nilimpelekea Baba fomu na kalamu. Hakuigusa. "Dada yangu mkubwa yupo hai, tena ndiye somo yake. Nitie sahihi kama nani?"

Ukweli ni kwamba pia anaogopa kuamua. Moyo wake unataka Bibi aletwe Kurui, alale na mumewe, tuwe na mahali pamoja pa kuzuru. Bi Siwema amesema Bibi akitolewa Gwata, basi na yeye Siwema abebwe pamoja naye juu ya kitanda. Yeye anataka Bibi aende pamoja na wale ishirini na moja kwenye makaburi mapya ya kijiji, maana ni mama zake na ndugu zake. Mimi nilianza upande wa Baba. Sasa nimehama. Mtu aliyerudi kwao akiwa amebebwa na ndugu zake, sioni kwa nini sisi tumtoe. Na kwa mke mwenzie tena! Lakini mimi ni kitukuu, sauti yangu ni ndogo. Neno ni lako.

Njoo, Shangazi. Panda treni ushuke Ruvu, nitakuwa stesheni na gari, hutapanda ngazi hata moja. Kama goti litakataa, tia sahihi kwenye fomu niliyoambatanisha, uandike na uamuzi wako, umpe dereva wa basi ambaye namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Lakini njoo.

Jambo la mwisho. Kabla hatujaondoka, Bwana Melkiori alinipa kalamu ya rangi niandike jina kwenye kigingi. Niliandika TATU, nikainua kalamu, kwa sababu jina hilo nimezoea kuliandika juu ya bahasha. Kisha nikamalizia BINTI MANENO. Nadhani ni wewe peke yako katika ukoo huu utakayesimama mbele ya jina lako mwenyewe ukiwa hai na ukacheka.

Nisalimie Baba Zubeir, na Zubeir mwenyewe na mkewe Adventina, na wajukuu wote mpaka yule asiyetaka kuvaa viatu. Baba anakuamkia. Bi Siwema anakusalimu, anasema umwletee mawese. Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya miguu, akufungulie njia, na atukutanishe kabla ya tarehe hiyo.

Kazini tunafundishwa kwamba orodha haifutwi. Ijumaa niliitoa tena kwenye jalada. Kwenye namba kumi na nne, pembeni ya yale maneno "Halina mwenyewe", nimeandika jina lake na jina lako. Nimeandika kwa penseli. Wino unakungoja wewe.

Ni mimi mwanao wa kwa kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,

Hamisa Bilali Seifu