Chini ya Rangi ya Kijani

Nyumbani kwa baba,
Jumapili, 9 Machi.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko, wewe na wifi na mapacha? Natumaini kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi. Nivumilie mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nimevunjika mfupa wa bega la kulia. Nilikuwa kwenye safari ya kilomita mia tatu, kama zile alizokuwa akienda baba: hakuna mshindi, unagongewa muhuri kituo kwa kituo na kumaliza ndani ya saa ishirini. Nilikwenda na baiskeli yake ya chuma. Asubuhi wenzangu waliicheka. Mchana wakanyamaza, maana wengi nilishawapita.

Baada ya kilomita mia mbili na arobaini, kwenye mteremko, usukani ukaanza kutikisika. Nikabana breki. Fremu ikakatika pale chini ya usukani, nami nikaenda kifudifudi.

Hiyo ni ajali, humpata yeyote. Linaloniuma ni jingine.

Fundi Miwani, yule wa baiskeli, aliikwangua rangi, ile ya kijani uliyompakia baba kama zawadi aliposafiri kikazi. Sote tulikusifu. Akaniita nione. "Hapa palikatika zamani, pakalehemiwa ovyo," akasema. "Halafu mtu akapaficha kwa rangi."

Kaka, uliigongesha wapi baiskeli? Basi, usiniambie. Niambie tu ulikaaje kimya. Mwaka uleule baba alianza kulalamika kwamba kila mteremko mikono inamtetemeka. Tulikuwa mezani, wewe unammiminia chai, ukamwambia, "Ndiyo umri huo, baba." Nilikusikia. Wiki hiyohiyo akaacha baiskeli, akampa Msumari, mwenzake wa njiani, chupa zake na begi la usukani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili tu! Miaka kumi na minne amekaa kwenye kiti cha dirishani akiamini mwili wake ndio uliomwangusha.

Jana nilimwonyesha. Alipitisha kidole pale palipolehemiwa, polepole, mara mbili. Nilidhani atakulaani. Akauliza tu, "Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

Nikamwambia haikuwa. Akainyoosha mbele yake, akaitazama. Sasa inatetemeka kweli, Kaka.

Amenikataza kukuandikia haya. Anakusalimu, anasema hana kinyongo. Mimi ninacho, changu na chake. Mpigie simu mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako. Usinipitishie mimi.

Shangazi anakusalimu, naye Msumari vilevile. Wao bado hawajui. Msalimie wifi, wabusu mapacha. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe moyo wa kuinyanyua hiyo simu baba angali anasikia vizuri.

Ni mimi nikupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Kitinda, mdogo wako.