Chupa Mbili za Wodini

Alhamisi, Moshi

Sijutii kutomfokea. Mama Aikande, muuguzi anayenizidi umri, alinijia leo mwenyewe, akasema: "Sista, nimempa mgonjwa dawa ya mwenzake." Daktari alimhudumia mara moja, na mgonjwa yuko salama.

Aliyenitangulia kuongoza wodi angemwaibisha mbele ya watu wote. Chini yake tulijifunza kuficha tu.

Mimi niliwaita wauguzi, nikamwomba Mama Aikande atueleze ilivyotokea. Chupa za dawa hizo mbili zinafanana na zilikaa pamoja. Tukazitenganisha papo hapo.

Baadaye daktari akaniambia, "Ndugu, unawadekeza mno." Iliniuma kidogo, lakini sibadiliki. Maana kabla hatujatawanyika, wauguzi wengine wawili walinyoosha mikono. Nao walishazichanganya chupa hizo hizo zamani, wakanyamaza.