Nilimnywesha Mwelu Bangili ya Krish

Shangazi Nzula, kwanza ujue unaongea na nani. Kuanzia Adams Arcade mpaka Loresho hakuna fundi wa simu mwenye mikono kama yangu, simu iliyozama chooni nikiipuliza tu inawaka na kuomba msamaha. Shule niliachia kidato cha pili, mwalimu wa sayansi alikuwa ananichelewesha. Sasa naomba msaada kwenye safu yako ya gazeti, lakini mdogo tu.

Kuna msichana anaitwa Mwelu, anauza nguo karibu na kibanda changu, ni wangu mwaka mzima sasa, na kuna mtu anaitwa Krish wa duka la sonara la babake huko mjini, ananukia marashi utadhani amemwagikiwa. Siku moja nimeenda mtaa wa Luthuli kuchukua vioo vya simu, nikapita mbele ya duka hilo, nikamwona Krish akimvalisha Mwelu bangili ya silva, polepole kama mtu anayefunga kidonda, na Mwelu anacheka kile kicheko nilidhani ni changu peke yangu. Sikuingia. Siku hiyo sikula, Shangazi, na mimi chapati tano ni kuonja.

Sasa Mwelu anasumbuliwa na chunusi, na mimi nilikuwa nimeona kwa simu jamaa akitengeneza maji ya silva, unatumbukiza silva majini, unaunganisha betri, inaingia kwa maji kidogo kidogo, unakunywa, eti unapona kila kitu. Nikamwambia, "Leta hiyo bangili nikung'arishie."

"Usiiharibu, Musili."

"Mimi? Niharibu?"

Basi nikaifunga waya nikaitumbukiza, na kila asubuhi nampelekea chupa, namwambia ni dawa ya chunusi, anakunywa, bangili inazidi kukonda na moyo wangu unazidi kunenepa, maana zawadi ya Krish inaisha na anayeimaliza ni Mwelu mwenyewe. Maji yakaanza kuwa kijani, nikasema hiyo ni nguvu. Juzi akatapika, nikamwambia ni uchafu unatoka. Bado anakunywa, ananiamini.

Jana akaniuliza, "Bangili yangu iko wapi? Jumamosi naenda Mwala, nyanya atataka kuiona mkononi."

Nikamuuliza nyanya yake anaingilia wapi mambo ya Krish. Akanicheka. "Krish aliunganisha tu pale ilikuwa imekatika. Hiyo ni ya nyanya, alivalishwa siku ya harusi yake."

Betri haikukosea, Shangazi, wala waya. Kilichoharibika ni kwamba sikumuuliza hata siku moja ni ya nani.

Musili, Woodley

*

Musili, weka gazeti chini umpigie Mwelu sasa hivi, umwambie asinywe tena hata tone. Umepiga? Haya, endelea kusoma.

Unasema kilichoharibika ni kutouliza. Mwanangu, binti wa watu anatapika na wewe unalilia bangili. Wivu naujua, hata mimi nimewahi kunusa mashati ya mume wangu nikitafuta marashi ya mwingine. Lakini sikumpa mtu sumu ya kunywa.

Maji hayo hayaponyi chunusi. Ukiyazoea yanaweza kukugeuza ngozi rangi ya jivu, na isirudi tena. Na ule ukijani si nguvu, inaelekea ni shaba iliyochanganywa na hiyo silva, na hatujui ni nini kingine kilitoka pale palipounganishwa. Kwa hiyo leo hii umpeleke Mwelu hospitali, ubebe chupa na kilichobaki cha bangili, umweleze daktari ukweli wote, Mwelu akisikia. Akikuacha, amekuacha akiwa mzima. Jumamosi, akikubali, mfuate Mwala umkabidhi nyanya mabaki kwa mikono yako miwili, hiyo unayoisifu. Usithubutu kutengeneza ya bandia.

Ila daktari atauliza bangili iliunganishwa kwa madini gani, na anayejua ni mmoja tu. Pitia dukani kwa Krish, umwambie ulichofanya, umuulize. Atakucheka. Mwache amalize, kisha uliza tena.