Namba Niliyoisoma Kichwa Chini

Baba Zuhura, mume wangu,

Mkono unanitetemeka siku hizi, utanisamehe mwandiko. Wewe hukujua kusoma, lakini uliupenda. Ulikuwa ukisema umenyooka kama reli ya kwenda Tanga. Leo haujanyooka. Nimemwambia binti yetu barua hii asiifunge, na kila atakaye aisome. Aibu yako ilikuwa ya mji mzima, hivyo ungamo langu haliwezi kuwa la chumbani.

Nikikukumbuka, kwanza nakusikia unagonga. Uligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole, ukainamisha kichwa, ukasikiliza: mitungi sokoni, maboga, nguzo za nyumba kabla hatujaipanga. Siku uliyokuja kwetu Kirua na jani la sale mkononi, jani la msamaha la kwetu, kumwomba baba radhi kwa kunioa bila ridhaa yake, uligonga hata pipa la mbege ambayo hukuwa ukiinywa, ukamwambia lina ufa chini. Lilikuwa nao. Baba alilipokea jani, kisha akamnong'oneza mama kwamba Mwislamu huyu hanywi lakini anazijua pombe zetu kuliko sisi. Nilipokuwa na mimba ya Zuhura uliligonga tumbo langu, ukasema, "Huyu anazunguka vizuri, hana kelele."

Gereji walikuita Fundi Sikio. Ulilipenda jina hilo kuliko lile la baba yako.

Kisha likaja lile gari la mashindano. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Masama alikuwa amelikimbiza kabla ya vita, halafu likalala miaka mingi ghalani. Injini yake ilikuwa imefunguliwa na kutiwa katika kasha moja na vipande vya injini nyingine ya aina ileile. Alitaka kushindana tena. Mwenye gereji akakupa wewe kazi ya kutambua kipi ni cha ipi, nawe ukanibebea gunia la vipande nyumbani, kwa sababu vilikuwa na namba na mimi ndiye niliyesoma misheni.

Sijapata kuwa na furaha kama ya alasiri zile barazani. Nilivisugua kwa mafuta ya taa mpaka kutu ikaachia, nikasoma, wewe ukagonga. Ulinifundisha kwamba kila mkono wa pistoni una kifuniko chake kinachoikumbatia krenki, kile chuma kinachozunguka, na kwamba viwili hivyo huchongwa pamoja kiwandani na kupigwa namba moja ili visipoteane. Ukiviachanisha na kuvipa wenzi wengine, havitakaa.

Siku moja ulifunga mkono mmoja na kifuniko chake, ukavitundika kwa uzi, ukagonga. Vililia sauti moja, ndefu.

"Hawa mapacha," ukasema.

Mimi nilikuwa nimevitazama vifuniko mezani, vimekaa midomo juu kama vikombe. Mkono ulikuwa na 16. Kifuniko nilikisoma 91. Nikakuambia si ndugu. Uligonga tena, ukasema ni ndugu. Majivuno yangu yalikuwa makubwa wakati ule, Baba Zuhura. Dada zangu walikuwa wakinisema kwamba nimeupeleka usomi wangu kuuzika kwenye grisi, nami nilitaka siku moja usomi huo ulijue gari kuliko fundi.

"Sikio lako halikwenda shule," nikakuambia.

Ulicheka. Ukafungua nati. "Basi tumfuate Mwalimu."

Ukaufunga mkono ule na kifuniko kingine nilichokuchagulia. Siku ya mashindano gari lilifika njia ya Himo tu. Mkono ule ukakatika, ukatoboa bloku ya injini, mafuta yakamwagika barabarani. Mwenyewe alitoka salama, lakini injini ile haikuwa na dawa tena. Mwenye gereji akasema mbele ya mafundi wote kwamba sikio la Fundi limeota nta, na mafundi wakacheka. Haikupita wiki ukawa Fundi Kiziwi.

Asubuhi ya pili baada ya gari kuharibika nilikuwa nakusanya vipande vilivyobaki barazani. Nikaokota kile kifuniko ulichokikubali na mimi nikakikataa. Kikageuka kiganjani mwangu. 91 ikawa 16.

Nilikuwa bado nimekishika ulipotoka ndani. Nikakifunika kwa khanga.

"Mwalimu," ukaniuliza, "zile namba ulizisoma sawa?"

"Nilizisoma sawa."

Hukunitazama kama mtu anayeshuku. Ulitikisa kichwa polepole, ukasema, "Basi ule mkono ulikuwa na ufa, nami niliusikia mzima. Ni sikio."

Neno moja lingekurudishia jina lako. Nililimeza. Nilijiambia nitalisema kesho, na kesho ukaacha gereji ukaenda kuziba pancha za baiskeli nyuma ya soko, na kadiri siku zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito.

Hukugonga tena kitu chochote. Ulirudi siku moja na mtungi mpya, tukaujaza maji, yakapita chini yote mpaka mlangoni. Ulisimama ukiyatazama. "Sasa nanunua kwa macho," ukasema. Zuhura alicheka, alikuwa mdogo. Mimi nilikwenda kutafuta tambara, nikakaa jikoni muda mrefu kuliko tambara linavyotaka.

Ulipougua nilikaa kando yako siku kumi na moja. Nilikuwa na nafasi siku zote kumi na moja.

Kifuniko ninacho. Kimekaa miaka yote chini ya madaftari yangu, nimekipaka mafuta kisishike kutu, kama ulivyonifundisha. Sasa daktari hasemi na mimi tena, anasema na Zuhura. Nimemwagiza apande Kirua akate jani la sale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, lile shamba letu la migomba, alishushe mjini, aliweke kaburini kwako pamoja na kifuniko hiki. Kwetu mtu akiletewa jani hilo halikatai. Wewe hukuwa wa kwetu, unaweza kulikataa.

Lakini swali lako la barazani nalijibu. Nilisoma kichwa chini. Wewe ulisikia sawa.

Mkeo,
uliyemwita Mwalimu