Mchicha Wangu Mbele ya Maktaba

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya maseremala.
Tarehe 2, mwezi wa nane.

Mdogo wangu mpendwa,

Binti yangu kapewa bustani ya maktaba! Ile yote ya mbele, kuanzia getini hadi kwenye ngazi, aipange yeye, achague kila mche. Waliomba watu wazima wenye magari na vyeti, akachukuliwa mtoto wa tumbo hili.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Mgongo umetulia? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi nina kidonda cha moyo ambacho dawa yake haiuzwi dukani. Jina lake wifi.

Binti hakuipata kazi hiyo kwa kulala. Kila Jumapili alikuwa akizunguka bustani za mji, anatazama wamepanda nini karibu na nini. Akifika husimama mlangoni na kufumba macho nusu, ati aone rangi kwanza kabla ya kuona maua. Na anayekwenda naye ni nani? Shangazi yake! Wanatoka wameshikana mikono, mimi nabaki na sufuria.

Siku moja nikasema leo naenda, liwalo na liwe. Nikavaa viatu vyangu vya kuendea harusini. Tukafika penye majani ya rangi ya majivu, nikauliza kama yamekosa maji. Wifi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi yangu, macho yako yamezoea mboga!"

"Na mboga hizo ndizo zilizomlea huyu unayetamba naye."

Binti akatuvuta mikono. "Jamani, watu wanatutazama."

Basi wiki iliyopita akatandaza mchoro wake mezani. Katikati ya maua meupe kaweka mchicha mwekundu. Ule wangu wa nyuma ya jiko! Anasema alitafuta wekundu wa kujaza pengo lile katika bustani zote hizo asiuone, mpaka siku alipotoka kumwaga maji ya vyombo. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Furaha yenyewe haikudumu. Wifi anatangaza mtaa mzima kwamba wazo la mchicha ni lake, maana yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kutazama. Na siku ya kupanda wakubwa watakuwepo, binti ataombwa amtaje aliyemsaidia. Nimemuuliza atamtaja nani. Kacheka tu, "Mama, na wewe!" Hilo nalo ni jibu?

Kwa hiyo njoo. Wewe ni shahidi, mbegu ile aliileta mama yetu ikiwa imefungwa kwenye pindo la nguo. Njoo na kaka, njoo na wanao wenye sauti. Upande wa wifi watataka viti vya mbele, tuvijaze sisi. Binti akinitaja, shangilieni mpaka vitabu vianguke. Akimtaja wifi, pigeni makofi mawili ya adabu, kisha mnigeukie mimi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na kaka yetu fundi saa, mwambie safari hii asichelewe. Mungu awanyooshee njia na awafikishe mkiwa na nguvu za kupiga kelele.

Ni mimi dada yako nikupendaye, Mama Mtaalamu (ndivyo ninavyoitwa siku hizi), ninayewasubiri nyote Jumamosi ya tarehe 24, saa moja asubuhi, kabla wifi hajaamka.