Mlinganyo Mlangoni

Palma, Jumapili

Shangazi Zubaida,

Asalamu aleikum. Sisi wazima. Kitenge ulichomtumia Mama kutoka Mtwara kimefika, lakini amekikunja tu, hajakivaa. Nyumba tumeiezeka upya na kuku wetu anatamia.

Jumatatu ijayo nafanya mtihani wa taifa wa darasa la kumi. Nina miaka ishirini na mbili, wenzangu darasani wananiita mama. Milinganyo ndiyo inanisumbua. Ubao sina, kwa hiyo nasaga kijiti cha msiro kwenye jiwe la Mama hadi utoke uji mweupe, na badala ya kujipaka usoni, naandikia mlangoni. Jiwe lile lilikuwa halijaguswa tangu tulipokimbia vita na Baba, kaka yako, akapotea njiani.

Jana nilikwama. Nikasoma kwa sauti: mafungu matatu ya samaki yaliyo sawa, ukiongeza samaki wanane, jumla ishirini, fungu moja lina wangapi? Nikawafuta wale wanane, nikagawa ishirini kwa tatu, ikakataa. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, “Wanane umewatoa huku. Kule mbona umewaacha?”

Ikatoka nne, Shangazi, na Mama hajui hata herufi moja.

Nilitaka kuumwaga msiro uliobaki. Akanizuia, akachovya vidole, akajipaka usoni polepole, kama zamani Baba alipokuwepo. Usimfikirie vibaya, nakuomba.

Leo asubuhi amekivaa kile kitenge.

Mwanao,
Alima