Mabati Niliyoyaahidi Mimi

Jumapili

Vile vigelegele bado navisikia masikioni.

Kosa ni mdomo wangu. Kila siku najifunza neno moja la Kiingereza kwenye simu, naandika maana yake kwenye daftari, halafu siwezi kunyamaza. Kwaya nzima hapa mtaani kwetu Soweto inajua. Kwa hiyo leo mgeni wa Ulaya, ambaye tulimtarajia atuletee mabati mapya ya kanisa, aliposimama kusalimia usharika, mchungaji akaniita mbele. "Dada Neema, njoo ututafsirie."

Ningesema siwezi. Ningesema tu.

Mgeni aliongea haraka, nikaambulia vipande. Neno la paa nililijua, limo kwenye daftari. Nikasikia na "sori", mara mbili, na uso wake ulikuwa umeshuka. Hiyo sori haihitaji daftari. Nilielewa kabisa kwamba mabati hayapo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, mama yangu akiwa benchi la pili, anatabasamu...

Nikasema, "Anasema Mungu awabariki, mabati yanakuja."

Kanisa likalipuka. Mgeni akanigeukia, ameduwaa.

Nje, kwenye mnada wa sadaka, Mama Tuli muuza viazi alinunua jogoo akampa mgeni, kushukuru. Mimi ndiye niliyetafsiri hizo shukrani pia.

Sasa mchungaji ametangaza kwamba Jumatano vijana wapande kung'oa mabati ya zamani. Na mvua ndizo hizi zinaanza.

Kumwambia mchungaji ukweli hakutaki Kiingereza. Nimeshika simu tangu jioni, na pamoja na Kiswahili changu chote, sijapata neno la kwanza.